Funda la Kwanza

Mjimwema, Njombe
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Zakaria,

Usicheke kuona baba yako anakuandikia barua wakati tunakaa nyumba moja na viatu vyako viko hapa mlangoni. Tangu Alhamisi najaribu kuzungumza nawe. Nikianza tu, mama yako anaingia na kuni. Akitoka, wewe umeshakumbuka mtu mwingine wa kumuaga, na mimi nimesahau nilikuwa naanzia wapi. Sasa umekwenda kuaga kwa mwalimu wako, ukungu umeshuka mpaka juu ya zizi, nami nimekaa dirishani na kalamu. Ukirudi nitakutia barua hii mkononi. Isome leo leo, kabla hujalala. Kesho itakuwa imechelewa, na ukifika mwisho utaona kwa nini.

Sitakuandikia habari za kufua mashati wala kuamka mapema wala kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekuimbia tangu ukiwa mdogo, na kama hayajakuingia mpaka leo, hayatakuingia kwa karatasi yangu.

Jambo linalonisumbua unalijua. Kesho asubuhi unapanda lori kwenda Makambako, kwenye hoteli ya yule Mgiriki pale njia panda, na kazi utakayoshika ni ya kuwatengenezea wageni vinywaji. Mama yako amesema hatakusindikiza. Laiti angesema kwa hasira ningejua la kufanya, kwa maana hasira zake nazijua, zina mwanzo na mwisho. Yeye alisema akichambua maharage, hata kichwa hakuinua. "Lori nitalisikia likipita," akasema, akatupa jiwe dogo nje ya ungo. Basi. Tangu hapo nimezunguka hii nyumba kama kuku aliyefungiwa nje, nikijiuliza kama nikuzuie, au nimbembeleze yeye, au ninyamaze. Mpaka naandika hivi sijapata jibu.

Naye ana haki ya kunilaumu. Kazi hii ilikuja kwa jina langu. Bwana Makoti, mzungu niliyempikia, alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, alimwambia Mgiriki kwamba Njombe kuna mpishi anayejua kutengeneza todi, ile wiski ya moto yenye asali na limau, kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Iringa. Mgiriki akaniita. Mimi macho yamechoka na miguu haitaki tena kusimama kutwa, nikamwambia ninaye kijana. Niliona nakufungulia mlango. Mama yako anaona nimekurithisha aibu yake. Huenda sote wawili tunaona sawa, na hilo ndilo linalonivuruga.

Todi najua umeshaichoka. Umeitengeneza nyuma ya nyumba hii mpaka jirani akauliza kama tuna mgonjwa. Lakini nivumilie, nikiipitia polepole ndipo mawazo yangu yanakaa mahali pamoja. Glasi uipashe kwa maji ya moto kwanza, kisha uyamwage, na kijiko kikae ndani, maana baridi ya huku hupasua glasi, na upepo wa Makambako nao si wa mchezo. Asali itangulie chini. Asali ya Matembwe, ya msituni, ile nyeusi. Ukipewa sukari fanya nayo kazi lakini ujue umedhulumiwa. Limau ukate kipande kinene, ukichomeke karafuu kwenye ganda, zishike, zisije zikaelea na kumwingia mzungu kooni. Kijiti cha mdalasini. Maji yaliyochemka yakatulia kidogo. Wiski mwisho, kimo cha kidole kilicholala. Viwili kama mtu ana mafua. Vitatu kama amepata barua mbaya kutoka kwao. Utamjua kwa jinsi anavyokaa kwenye kiti.

Hayo unayaweza, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Ila sisi tulijifunza kwa chai ya rangi iliyopoa badala ya wiski, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nimekufundisha kinywaji ambacho mimi mwenyewe nimekionja mara moja tu maishani. Funda moja. Miaka yote iliyobaki nimekuwa nikikitengeneza kwa pua. Mvuke ukinipanda puani najua limau limezidi, au asali imelala chini haikukorogwa. Lakini ukiniuliza wiski humo ndani inafanya nini hasa, nitakodoa macho tu.

Habari ya lile funda umeisikia kwa watu. Najua walikutania shuleni, mtoto wa Mwonjaji. Wanaisimulia wakicheka, na mimi hucheka nao ili iishe upesi. Haijaisha. Nataka uisikie ilivyokuwa.

Zamani kwetu mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Mama yangu, bibi yako, alikuwa akipokea wageni msimu wa ulanzi, ule mtamu wa asubuhi uliotoka kugemwa kwenye mianzi. Alimimina kutoka kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, akajaza kikombe, akapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, ndipo akampa kwa mikono miwili. Maana yake kama kuna baya humu, limeanza na mimi. Alifanya hivyo kwa ulanzi, kwa uji, hata kwa maji. Kumpa mgeni kikombe ambacho hukukigusa mdomo ilikuwa kama kumwambia ukifa ni juu yako. Tulipobatizwa hakuna aliyetuambia tuache, nasi hatukuacha.

Wewe hukuyaona hayo nyumbani kwetu. Hapa kikombe huwekwa mezani na mtu huambiwa karibu. Utakuwa ulidhani ndivyo watu wote wa kanisa wanavyofanya. Sivyo. Iko siku mama yako aliacha, na aliacha kwa ajili yangu. Ngoja nifike huko.

Nilikuwa mpishi mgeni kwa Bwana Makoti, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Jina lake la kwao lilitushinda, watu wakamwita hivyo kwa kuwa alivaa koti juu ya koti hata jua likiwaka. Siku hizo todi yake ilikuwa kazi ya watu wawili. Mimi nilileta glasi yenye asali, limau, viungo na maji ya moto. Yeye alifungua kabati kwa ufunguo wake akamimina wiski. Sheria ya serikali ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali, naye hakutaka hata nishike chupa. Siku hizi sielewi hiyo sheria iko wapi. Wengine wanasema imelegezwa, wengine wanasema bado. Nilimuuliza karani mmoja wa bomani akaniambia inategemea. Nikaona haya kumuuliza inategemea nini.

Basi, jioni moja ya mvua akaja mgeni, mzungu wa mambo ya barabara. Lori lake lilikuwa limekwama njiani kutoka Makambako, ametembea, amelowa mpaka soksi, meno yanagongana. Akakaa karibu na moto. Bwana Makoti siku hiyo alikuwa amejikata na msumeno, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Akanitupia ufunguo.

"Tengeneza todi," akasema. "Yote."

Neno hilo, yote. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kinywaji kile kutoka mkononi mwangu kikiwa kizima. Na aliyekuwa akikisubiri hakuwa bwana wangu niliyemzoea. Alikuwa mgeni, ametoka mbali, ana baridi, hanijui simjui. Niliingia na trei, nikainua glasi, na mikono yangu ikafanya ilivyofundishwa na mama yangu. Nikapiga funda.

Iliniunguza. Kisha ikaja asali ya Matembwe. Kisha ukaja moshi, mwanangu, moshi wa kuni kabisa, kama ndani ya nyumba ya bibi yako. Nikashangaa kwamba wazungu wanatia moshi kwenye chupa na kuuvusha bahari, na huku tunao mpaka unatutoa machozi. Hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa kitambo kidogo tu. Nikafuta mdomo wa glasi kwa kiganja, nikapiga goti kidogo, nikamnyooshea mgeni kwa mikono miwili.

Hakupokea. Alimtazama Bwana Makoti, wakasemezana kwao, haraka haraka, nami nikalishika neno moja tu, polisi.

"Kwa nini umekunywa?" Bwana Makoti akaniuliza.

"Sikunywa, Bwana. Nimeonja."

"Kwa nini umeonja?"

"Kwa sababu ni mgeni."

Nilijibu hivyo nikidhani nimemaliza. Kwetu lilikuwa jibu kamili, hata mtoto angelielewa. Bwana Makoti akachukua ile glasi mkononi mwangu kwa mkono wake mzima, akainywa yeye, yote, mpaka limau likamgonga puani. Akaweka glasi mezani. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Toka. Pitia jikoni. Usionekane hapa."

Mpaka leo sijui kama alinifukuza au alinificha. Nimeligeuza neno lile, toka, kila upande. Kuna siku nasikia hasira ndani yake, kuna siku nasikia huruma. Nilipita jikoni, nikaja nyumbani, nikamwamsha mama yako, tukakufunga mgongoni mwake na kanga mbili tukaenda kwao Matembwe kwenye mvua ile ile. Njiani aliniuliza mara moja tu tunakimbia nini. Nikamwambia sina hakika kama tunakimbia. Hakuuliza tena. Alivua viatu akavishika mkononi ili visiharibike, akatangulia.

Kule babu yako, baba mkwe wangu, alitufungulia mlango.

"Kamwene," akatusalimu. "Umefukuzwa kazi?"

"Sijui, baba."

"Umetoroka?"

"Sijui."

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

"Kuwasalimu."

"Kwa mvua hii?"

Mama yako akacheka. Alikuwa amelowa mpaka mifupa, mtoto analia mgongoni, na akacheka mpaka akashika mlango. Nakuandikia hili ujue kwamba mama yako alikuwa mtu wa kucheka. Siku ile nilimpenda nikadhani hakuna kitakachotushinda.

Tulikaa kule mpaka akaja mtu na ujumbe: Bwana anasema mkate umekuwa jiwe, urudi. Nikarudi. Hakunieleza kitu na mimi sikuuliza. Polisi hawakuja. Ila tangu siku ile, kila nilipomletea todi, alimimina wiski yake, kisha kabla hajanywa aliinyoosha glasi kuelekea kwangu na kusubiri. Uso wake haukuwa wa utani wala haukuwa wa dhati. Sijui alikuwa ananipima, au ananicheka, au ananiheshimu. Mimi niliinamisha pua juu ya mvuke, nikanusa, nikarudi nyuma. Ndipo akanywa. Tulifanya hivyo miaka yote mpaka akaondoka, na siku ya mwisho pia, masanduku yakiwa yamefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza siku hiyo. Nikanusa tu, nikamtakia safari njema.

Mzungu alinishinda kumwelewa, nikasema huyo ni mzungu. Lakini kanisani nilikuwa kwa watu wangu.

Dereva wa yule mgeni aliisimulia sokoni, na kabla ya Jumapili ilikuwa imeshafika kwa wazee wa kanisa. Niliporudi kutoka Matembwe wakaniita ofisini, nikakaa kwenye kigoda kama mwanafunzi.

"Ulilewa?" akauliza mzee wa kwanza.

"Sikulewa."

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Hukuweza kutema?"

"Mbele ya mgeni?"

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakulelewa kwa uji ulioonjwa na mama yake kwanza. Mmoja akasema huyu alikuwa na adabu. Mwingine akasema adabu si ya wiski. Wa tatu akauliza kama ingekuwa chai tungekuwa hapa. Walibishana mpaka wakanisahau. Mwishowe wakaona nikae kando kwanza, nisishiriki Meza ya Bwana mpaka waelewane. Kuelewana kwao kulichukua muda mrefu, nadhani hata walipokuja kunirudisha hawakuwa wameelewana, walikuwa wamechoka tu.

Mimi nililichukulia jambo lile kwa wepesi. Nilikaa benchi la nyuma, nikajua dhamiri yangu haina doa. Sikufikiria kwamba Jumapili ya Meza ya Bwana mama yako alikuwa anasimama peke yake, na wewe mgongoni, anatembea kutoka kwenye benchi mpaka mbele, na wanawake wanasogeza miguu ampite mke wa Mwonjaji. Jina hilo lilianzia huko, kwenye mabenchi ya wanawake. Yeye ndiye aliyelisikia kwanza. Mimi nililisikia baadaye kwa wanaume, ambako lilikuwa mzaha.

Alirudi nyumbani Jumapili ile, akapika uji, akaumimina kwenye kikombe changu na kukiweka mezani.

"Hujaonja," nikamwambia.

"Onja mwenyewe," akasema. "Wewe ndiye mwonjaji."

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu, Zakaria, si lile funda. Lile funda hata leo ukiniweka mbele ya wazee sitajua niseme nini. Lakini kile kicheko nakijua. Nilidhani ananitania, kama alivyocheka mlangoni kwa baba yake. Nikacheka, nikanywa uji, nikaenda kupasua kuni. Hakuonja tena kikombe cha mtu yeyote. Bibi yako alipokuja kututembelea, alikitazama kile kikombe mezani, akaninong'oneza, "Huyu mkwe wangu ananiwekea uji kama anamtegea panya." Nikamwambia atazoea. Sote tukazoea. Wewe umekulia ndani ya mazoea hayo, na mimi nimekaa nayo mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe, na hakuna siku niliyomuuliza ilimuuma wapi. Mwanzo nilidhani itapita. Baadaye niliona imeshapita. Kati ya hapo palikuwa na siku ya kuuliza, sijui ilikuwa siku gani.

Sasa nikupe ushauri gani kwa kazi yako? Nimekaa na kalamu nikiutafuta. Nikikuambia onja kabla hujampa mgeni, nakupeleka kwenye matata yangu mwenyewe. Nikikuambia usionje, nakufundisha kumpa mtu kitu usichokijua, na moyo wangu unakataa. Nilichokipata ni kidogo. Nusa. Kisha mwangalie mgeni usoni anapopiga funda lake la kwanza, lile la kwanza tu, maana uso unasema kweli kabla mwenyewe hajaupanga. Limau likizidi usiongeze wiski kulificha. Mwaga, anza upya, Mgiriki akigomba agombe. Na mtu wako mwenyewe akikujibu kwa mzaha ambao hukuutarajia, acha kucheka. Kaa. Muulize. Hata kama kuni zinasubiri.

Nilitaka kuishia hapo, lakini limetokea jambo sasa hivi, nikiwa katikati ya barua hii, limenivuruga zaidi.

Mama yako ameingia. Nimefunika karatasi kwa mkono. Ameweka kuni, akasimama.

"Hiyo todi yenu," akasema, "inaanza na nini?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Asali."

"Nyingi?"

"Kijiko kilichojaa."

"Halafu?"

Nikamwambia. Limau na karafuu zake, mdalasini, maji yaliyotulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole kama mtoto anayetumwa dukani. Mwisho nikaitaja wiski.

"Na wiski inafanya kazi gani?" akauliza.

"Sijui, Mama Zakaria."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

Akanitazama, na nakuapia mdomo wake ulitaka kucheka. "Basi hiyo tutaiacha," akasema. Akachukua kopo langu la karafuu juu ya rafu, akarudi jikoni.

Nimesogeza kiti. Kutoka hapa nilipo namwona kupitia upenyo wa mlango. Amechemsha maji. Amepasha kikombe cha bati kwanza, ingawa kikombe cha bati hakipasuki, kwa sababu nilisema glasi ipashwe. Amekoroga. Kisha ametazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, akakiinua kikombe, akapiga funda. Akakunja uso. Akaongeza asali. Akapiga funda jingine, akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja. Halafu akakinyoosha kwa mikono miwili, na mbele yake hakuna mtu. Amesimama hivyo, Zakaria, akiupa ukuta kikombe. Anajaribu mikono kama bado inajua.

Nimeangalia pembeni. Nimelia kidogo, nawe usimwambie.

Kwa hiyo sijui. Sijui kama atakuja mpaka kwenye lori au ataishia mlangoni. Sijui kama amekubali uende au amekata tamaa. Sijui kama todi isiyo na wiski inaitwa todi, na sijui kama nafanya vema kukuambia kabla, au nilipaswa kukuacha ushtuke. Kwamba nakupenda na nitalisikia pengo lako hapa nyumbani, hilo tu halinichanganyi.

Lakini wewe umezoea kikombe cha mezani. Ukiletewa kikombe unanyoosha mkono pale pale, na hilo ndilo ninaloliogopa. Kesho ukimkuta amesimama nacho, subiri. Mwache aonje kwanza, amalize, afute. Kisha kipokee kwa mikono miwili, ukinywe mbele yake mpaka mwisho, hata kikikuunguza, hata dereva akipiga honi.

Namsikia anakuja, ana kuni tena, na kuni tunazo tele. Nafunika karatasi.

Baba yako